Gari la Twesigye Linakunywa Mafuta

Siku ya gulio Nyaishozi, Twesigye, mfugaji wa ng'ombe wa kijiji cha Mabira, aliingia duka la vipuri kutafuta balbu ya taa akakutana na macho ya Agnetha, mwenye duka. Dada wa watu alikuwa na kitenge cha njano, mikono imejaa grisi, na bado alipendeza, jamani! Balbu ikasahaulika kwenye kaunta. Ikawa simu asubuhi, simu jioni, na kila Jumamosi wakawa wanatembea kwa kigari cheupe cha Twesigye.

Ila kwa mambo ya magari Agnetha hadanganyiki. Jumamosi ya tano akautazama mshale wa mafuta, wivu ukampanda.

"Twesi, juzi ulijaza tenki. Leo imebaki robo. Umekwenda kwa nani?"

"Nyumbani na kuja hapa tu, mpenzi. Kweli tena!"

"Gari dogo hivi? Huyo mwanamke wako anakaa Uganda?"

Akashuka, akabamiza mlango. Siku tisa hakupokea simu, na kila ilipoita alilia. Siku ya kumi akapokea.

"Agi wangu, njoo ulipime gari mwenyewe. Ukikuta nimekudanganya, niache."

Akaenda Mabira na bodaboda. Akampa shikamoo mama yake Twesigye, kisha yeye na Twesigye wakaliendesha gari hadi senta, kwenye maduka, na kurudi. Uani, Agnetha akagusa ringi za matairi moja moja. Za mbele vuguvugu. Ya nyuma kushoto ikamuunguza, akaruka.

"Mama wee! Leta jeki."

Tairi likainuliwa. Breki ya mkono ilikuwa imeachiwa, lakini tairi lilizunguka kwa shida.

"Breki imeganda. Injini inavuta tairi lililoshikwa, mafuta lazima yaishe. Kwani unaliegesha wapi?"

Twesigye akaonyesha zizi, kwa aibu. Halikuwa na lango. Kila jioni aliziba mlango kwa gari, akavuta breki ya mkono mpaka mwisho, matairi yakakesha kwenye kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Waya wa breki ulikuwa umeliwa na kutu, hauachii tena.

Agnetha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke."

"Yupo. Ana grisi mikononi."

"Nisamehe, Twesi. Nilikuonea."

"Yameisha. Mimi nataka kukuoa, Agnetha."

Agnetha akafuta mikono kwenye kitenge, akalitazama lile zizi.

"Basi jenga lango, uache kuziba mlango na gari," akasema. "Ng'ombe wa mahari yangu watapita wapi?"