Waya Wenye Mstari Mweupe

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Novemba 2009, saa nane na nusu mchana, theluji nyepesi ilikuwa ikianguka juu ya mji wa Sundsvall, kaskazini mwa Uswidi, ambako majira hayo giza huingia mapema, na taa za barabarani zilikuwa zimekwisha kuwashwa. Ylva, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amepiga magoti sebuleni akiunganisha spika za sinema ya nyumbani. Saa tisa kamili babu yake, Mzee Evert, aliyeimba sauti nzito ya kwaya kwa miaka arobaini, angefika kutazama filamu ya tamasha lake la mwisho.

"Dada, waya mmoja una mstari mweupe," alisema mdogo wake, Torkel. "Maelekezo yanasema huo uingie tundu jekundu, kwa kila spika."

"Wee Torkel, usinifundishe kazi! Plagi ya taa yenye pini mbili unaichomeka upande wowote na taa inawaka. Umeme ni umeme."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, peremende zangu zote za leo ni zako."

Torkel alipiga makofi. Katika nyumba ile peremende zililiwa Jumamosi pekee.

Babu alifika, akavua viatu mlangoni, akaketi mbele kabisa. Filamu ilianza. Sauti nyembamba za wanawake zilisikika vizuri, lakini sauti nzito za wanaume zilikuwa hafifu, kana kwamba waliimbia nyumba ya jirani. Babu aliinama mbele asikie, kisha akaegemea kiti taratibu.

"Kumbe ndivyo nilivyokuwa," alisema. "Miaka arobaini, wala hapana aliyeniambia."

"Labda walirekodi vibaya, baba," alisema Mama, aliyeketi kando yake.

"Ndiyo, walirekodi vibaya!" alidakia Ylva.

Torkel alimtazama dada yake, kisha akazitazama spika.

"Zimeni tu, tunywe kahawa," alisema Babu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Ylva aliona aibu. Alisimama wima.

"Babu, si wewe. Wala si filamu. Nadhani ni mimi."

Alizima mtambo, akachukua tochi, akachungulia nyuma ya spika kubwa mbili. Katika spika ya kulia, waya wenye mstari ulikuwa katika tundu jeusi.

"Umeona?" alisema Torkel. "Spika moja inasukuma hewa, nyingine inavuta. Zinapigana, na sauti nzito ndiyo inayoumia!"

Ylva alibadilisha nyaya, akawasha. Safari hii sauti nzito zilipanda kutoka sakafuni, na vijiko vikatetemeka kwenye visahani vya kahawa mezani.

"Huyo ndiye mimi!" Babu alipaza sauti, akicheka hata akavua miwani kufuta machozi. "Msikilizeni huyo mzee!" Kisha akaimba pamoja na filamu mpaka paka akakimbilia jikoni.

Wimbo ulipokwisha, Mama alimgeukia binti yake.

"Waya uliokosewa hurekebishwa kwa dakika moja, Ylva. Ila uliposingizia filamu, Babu ndiye aliyebeba kosa lako. Soma maelekezo kabla ya kazi. Na ukikosea, sema mapema, hata kama utapoteza kitu."

"Nimesikia, Mama."

Ylva alikwenda jikoni, akarudi na mfuko wake wa peremende usiofunguliwa, akauweka mkononi mwa Torkel.

"Hata zile nyeusi za chumvi, unazozipenda kuliko zote?" aliuliza Torkel.

"Hata zile. Zote."