Mzazi wa Katikati ya Ghuba

Jioni ile mkunga alikuwa na haraka ya kawaida tu, haraka ya mtu aliyeacha nguo kwenye kamba na ana zamu asubuhi. Alisimama mbele ya kaunta ya fundi wa redio za boti, mkoba wa kazi begani, akiwasikiliza wanaume wawili wakibishana juu ya vifaa vitatu vya jipiesi, vya kuonyesha njia baharini.

Mmoja alikuwa fundi mwenyewe. Wa pili alikuwa mdogo wa mkunga, wa tumbo moja, ambaye ufuo mzima ulimwita Kipepeo kwa sababu ya tanga lake la rangi rangi. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuteleza juu ya maji kwa ubao wenye tanga, naye alitaka kifaa chepesi cha kumwambia amekimbia kwa kasi gani. Mkunga, dada yake, alikuwa akivuka ghuba mara nne kwa wiki, kwa boti ndogo ya injini, kwenda kuzalisha upande wa pili. Mwezi uliopita ukungu ulimzungusha saa nzima majini huku mama mmoja akimsubiri. Mama alipona. Mtoto hakupona. Tangu siku hiyo mkunga alikuwa halali vizuri, na hakumwambia mtu.

Walikuwa wamekubaliana kuchukua kifaa kimoja, cha kuwafaa wote wawili.

"Hiki kikubwa kina ramani ya rangi," fundi alisema. "Unakifunga kwenye boti, unaona mpaka miamba."

"Na kwenye ubao nikifunge wapi, kichwani?" Kipepeo akauliza.

"Basi hiki cha kuvaa kama saa."

"Maandishi yenyewe kama mayai ya chawa," mkunga akasema. "Halafu kioo cha kugusa, vidole vikiwa vimelowa, kitanisikia? Mimi nataka vitufe. Nataka kinachoelea kikidondoka. Na betri za kubadilisha hapo hapo."

Fundi akakuna kidevu. Mkunga, akiwa amechoka kusimama, akainua macho kwenye rafu ya nyuma. Kulikuwa na cha nne. Cha njano, kinene kiasi, vitufe vitano, kamba ya kuvalia mkononi.

"Na kile?"

Fundi akageuka, akakitazama.

"Kile... niliachiwa."

"Kinauzwa?"

"Sikuambiwa nikiuze. Niliambiwa atakayekichagua, apewe."

Kipepeo akacheka. "Leo nyota yetu imewaka! Dada, chagua haraka kabla hajabadili mawazo."

Walikiwasha. Kikashika setilaiti papo hapo, hata wakiwa ndani, jambo ambalo vile vitatu vilikuwa vimeshindwa. Ramani ya ghuba yao ilikuwamo. Ilikuwamo pia alama moja iliyohifadhiwa na mwenyewe wa zamani, katikati kabisa ya ghuba, mahali ambapo hapana kisiwa wala jiwe. Jina lake: NYUMBANI.

Kipepeo alijaribu kuifuta. Ilikataa. Akaiacha, akaitafuta gati yao kwenye ramani, akaiwekea alama yake mwenyewe, akaandika GATI.

Fundi aliwakabidhi kifaa bila kuwatazama usoni.

Walisukuma boti kurudi kwao ng'ambo saa kumi na mbili na nusu, mwanga bado upo. Safari ya dakika arobaini. Kipepeo alishika usukani, mkunga akakaa mbele na kifaa mkononi, akisoma mshale. Bahari ilikuwa shwari.

Kisha ukungu ukashuka.

Haukuja taratibu. Ulianguka kama shuka. Mkunga hakuiona tena hata pua ya boti aliyoikalia.

"Punguza," alisema. "Mshale unatuonyesha. Shika kulia kidogo."

Wakaenda hivyo, polepole. Upande huu, sasa upande ule. Moyo wake ulikuwa unamwenda mbio, lakini alijiambia ni kumbukumbu ya mwezi uliopita, si kingine. Ndipo pua yake ikashika harufu. Nguo mbichi. Majivu yaliyomwagiwa maji. Na harufu ile ambayo yeye hakuhitaji kuuliza ni ya nini, kwa sababu aliifahamu miaka kumi na minane: harufu ya chumba chenye mama anayejifungua.

"Tumeshafika?" Kipepeo akanong'ona. Hakujua kwa nini ananong'ona.

Mkunga akatazama kioo.

NYUMBANI. MITA 40.

"Uliandika nini wewe? Nyumbani?"

"Niliandika GATI."

Injini ikazimika yenyewe.

Kimya... Kisha, tap, tap, tap. Maji yakigonga nguzo. Gati ya mbao ikajitokeza ndani ya ukungu, na juu yake mwanamke mzee amesimama, mikono ameifumbata, kama mtu aliyesubiri sana na hataki kulalamika.

"Karibu, mkunga," alisema kwa sauti ya chini. "Mzazi anachoka."

Kipepeo alikuwa ameshatupa nanga. Kamba ilikimbia mkononi mwake, ikakimbia, mita thelathini zote zikaisha. Nanga ikaning'inia. Haikugusa kitu.

"Dada," alisema. "Hapa hapana chini. Hiyo gati imesimama juu ya nini? Usishuke. Nakuomba, dada yangu, usishuke!"

Kutoka ndani ya ukungu mwanamke akalia. Kilio kile hakina lugha. Mkunga alikijua, na alijua maana yake: mtoto amekwama, zimebaki dakika chache.

Alimfikiria yule wa mwezi uliopita.

Akachukua mkoba, akashuka.

Mbao zilikuwa baridi lakini imara. Aliingizwa chumba kidogo: kitanda cha chuma, beseni, kiti kimoja. Mwanga ulikuwepo, taa haikuwepo. Mzazi alikuwa amejifunika uso kwa mtandio uliolowa. Mkunga akavaa glavu, akapiga magoti, na mara kazi ikamchukua. Bega lilikuwa limenasa. Akaligeuza vile alivyofundishwa, akamwambia mama asukume, akamwambia apumzike, sasa tena, hodari, tena...

Mtoto akatoka.

Wa kiume. Mzito. Alipokata kitovu haikutoka damu. Yalitoka maji, meupe, ya baridi.

Mtoto hakulia. Mkunga akamsugua mgongo, akamsafisha pua, akamsugua tena, akisema chini chini, "Usinifanyie hivyo, usinifanyie na wewe..." Hapo mtoto akafumbua macho, akamtazama sawasawa.

Na chumba kizima kikashusha pumzi.

Si yule mzee. Si mama. Kuta. Nyuma ya kila ukuta, chini ya sakafu, juu ya dari, kumbe walikuwepo wengi waliokuwa wamebana pumzi, na sasa wameiachia.

Akamlaza mtoto kifuani kwa mama, akakusanya vifaa vyake, akageukia mlango. Na mdomo, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, ukajisemea wenyewe maneno ambayo humwambia kila mzazi:

"Hongera, mama. Baada ya wiki sita tuonane kliniki."

Mtandio ukasogea kidogo. Chini yake kulikuwa na tabasamu.

"Tutaonana," mzazi alisema.

Hakukumbuka alivyorudi kwenye boti. Alijikuta amekaa, na Kipepeo anamtikisa mabega.

"Nimekaa muda gani?"

"Dakika tatu, nne... Dada, nani alikuwa anaimba mle ndani?"

"Hakuna aliyeimba. Nilikuwa nazalisha."

"Ulikuwa wewe. Sauti yako. Sikuyaelewa maneno hata moja."

Alimnyang'anya kifaa, akakirusha majini kwa nguvu zake zote. Kikazama, kikaibuka. Kikaelea. Ndicho walichotaka wenyewe, kinachoelea. Injini ilipowaka, kioo chake kiliendelea kuwaka nyuma yao, kikicheza juu ya mawimbi, mpaka ukungu ukakimeza.

Gati yao ilikuwa mita mia mbili tu mbele.

Kesho yake walimfuata fundi. Hakubisha. Alifunga mlango kwanza.

"Alikuja mwanamke mwenye mimba kubwa," alisema. "Kiangazi kilichopita, jua la kupasua kichwa, na nguo zake zimelowa mpaka kifuani. Hakukaa. Alisema tu, kuna mtu atakuja kukichagua, usimzuie. Ndugu zangu, mimi nina watoto. Nisingethubutu kumkatalia."

"Na kabla yetu, wangapi walikuja kununua jipiesi?" Kipepeo akauliza.

"Wengi. Hakuna hata mmoja aliyekiona. Nadhani... hakikuwa chao."



Kipepeo aliweka tanga lake juu ya kabati. Mkunga alifanya kazi wiki tano, akihesabu siku kimoyomoyo. Wiki ya sita ilipokaribia aliomba likizo, akapanda basi la saa nane kwenda kwa shangazi yao, bara huko, ambako hata kisima ni cha kuchimba kwa siku nyingi. Alidhani atalala. Alizunguka ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutaga, mpaka shangazi akamwambia, "Mwanangu, keti basi, unanitia kizunguzungu."

Jumatatu alasiri simu ikalia. Alikuwa mkunga mwenzake aliyemshikia zamu.

"Samahani kukusumbua mapumzikoni," alinong'ona yule. "Kuna mama hapa, foleni yote imekwisha, yeye haondoki. Hataki nimguse mtoto. Anasema mliahidiana." Akanyamaza. "Amemweka mtoto mwenyewe kwenye mizani mara tatu, mshale hausogei. Na shuka... kila nikibadilisha, linalowa. Njoo, tafadhali. Mwenzio naogopa."

"Mwambie..." mkunga alianza.

Nyuma ya sauti ya mwenzake, mbali, mtoto akalia.

Kwa mara ya kwanza akalia. Kilio kizuri, cha afya, kile ambacho mkunga alikuwa amekingojea magotini kwenye chumba kile bila kukipata. Kitu fulani kikalegea kifuani mwake. Aliona aibu, lakini kilikuwa furaha.

"Mwambie asubiri," alisema. "Nakuja."

Shangazi alitoka jikoni, akasimama mlangoni kumtazama.

"Unakwenda wapi tena na mkoba?"

Mkunga akainamisha kichwa. Viatu vilikuwa tayari miguuni. Hakukumbuka kuvivaa.

Vilikuwa vimelowa.