Laini ya Baba Mkwe

Jua lilikuwa linazama Elisifa alipomfunga mwanawe Kindness mgongoni kwa kitenge, akashika njia ya kushuka bondeni. Kifaa cha shambani kilikuwa kimenyamaza tangu jana; alikuwa anaenda kubonyeza kitufe tu.

"Mama Kindi, kile chekundu," mumewe Gidioni alikuwa amempigia kutoka mjini Moshi, kwenye karakana yake ya kutengeneza simu. "Bonyeza mara moja. Taa ikipepesa harakaharaka, bado inatafuta mtandao. Ikipepesa polepole, imeshaupata. Ikishindwa, fungua kisanduku, usukume laini ikae vizuri. Zamu yetu ya maji ni leo, mke wangu. Tukiikosa, ile migomba ya chini ndiyo basi."

Kifaa alikiunda Gidioni mwenyewe. Kibao cha kijani chenye ubongo wa kompyuta mdogo kama punje ya kahawa, na ubavuni mwake kipande cha kushika mtandao wa simu. Vyuma viwili vilichomekwa kwenye udongo kando ya mfongo, ule mfereji ambao ukoo mzima hapa Machame huutumia kwa zamu kumwagilia mashamba. Udongo ukikauka, simu ya Elisifa ilipata neno moja: KAVU. Maji yakifika: MAJI. Maneno hayo mawili tu ndiyo Gidioni aliyoyaweka humo.

Kosa lilikuwa kwenye laini. Gidioni hakutaka kupanga foleni ya kusajili mpya kwa alama ya kidole, akachukua ya marehemu baba yake, mzee Eliufoo, waliyemzika hapohapo kihambani, kwenye shamba la nyumbani, katikati ya migomba. Kwa hiyo kila ujumbe uliingia kwa jina lililokuwa kwenye simu ya Elisifa tangu zamani.

Baba Mkwe.

"Mzee hajastaafu bado!" Gidioni alicheka siku ya kwanza. Mama yake, Bibi Veronika, aliinuka mezani akaacha chakula.

Elisifa hakuwa na neno baya juu ya mzee yule. Alipokuwa na mimba na moshi wa jikoni unamtapisha, mzee alimpikia mtori wa ndizi kwa mikono yake, mwanaume mzima, akicheka na waliomcheka. Na siku zake za mwisho hospitalini, madaktari walipokataza asinywe kitu, Elisifa ndiye aliyemlowesha midomo kwa pamba, kwa kuibia. "Mwanangu, pakavu," mzee alinong'ona. "Pakavu sana."

Harufu ilimpokea kabla hajaufikia mfongo. Maziwa yaliyochacha... na ndani yake kitu kilichooza. Akaziba pua kwa ncha ya kitenge.

Maji yalikuwa yameshafika. Yalipita juu ya vyuma viwili, meusi, bila sauti. Mbona basi simu ilikuwa kimya?

Akagusa kisanduku. Kilikuwa na joto, kama paji la mtu mwenye homa. Alipofungua kifuniko, ute wa njano ukamchuruzika vidoleni, mzito, ukivutika kama kamasi. Nywele nyeupe zilikuwa zimejisokota kwenye antena, nyingi, zenye mba.

Taa ilipepesa.

Polepole.

Akamulika mahali pa laini kwa tochi. Laini haikuwepo. Pale pake palikuwa na ukucha. Ukucha wa mtu, mnene, wa njano, umekatwa pembe moja kama zinavyokatwa laini. Chini yake nyama bado ilikuwa mbichi.

Kidole chake kilishaanza kuusukuma kabla akili haijakizuia.

Ukucha nao ukamsukuma.

Simu ikatetemeka mfukoni. Baba Mkwe: KAVU.

Akatazama vyuma. Maji yalikuwa yamevizamisha kabisa. KAVU. KAVU. Simu haikupumzika.

"Baba?" akanong'ona. Hakujua afanye nini, akafanya alilofundishwa tangu utoto. "Shikamoo, baba."

Akasubiri marahaba.

KAVU.

Kindness akaanza kulia. Na kama inavyomtokea kila anayenyonyesha asikiapo mwanawe analia, maziwa yakashuka yenyewe. Yakalowesha gauni upande wa kushoto. Tone likadondoka kwenye tope.

Tope likafunguka.

Lilijitenga kama midomo miwili yenye utando, katikati yake kitu chekundu kikilamba. Fyonz... Fyonz... Elisifa alihisi chuchu ikivutwa, mita nzima kutoka chini, na hakuna aliyemgusa.

MAJI, simu ikasema.

Halafu neno ambalo hakuna mtu aliyeliweka.

TENA.

Hakukumbuka alivyopanda mlima. Bibi Veronika alimkuta mlangoni akitapika, mtoto akilia mgongoni, mkono wa kulia umefumbwa.

"Laini hamna," Elisifa alihema. "Mama, laini hamna mle!"

"Ninayo mimi." Bibi alifungua fundo la khanga, akaitoa. "Niliing'oa jana. Mume wangu si wa kutumwa shambani na watoto wake akiwa kaburini. Sasa unalia nini?"

Elisifa akafumbua mkono. Ukucha ulikuwa umenata kwenye kiganja chake. Ulikuwa na mstari mweusi katikati.

Bibi aliketi chini palepale, vumbini.

"Gumba lake," alisema taratibu. "Lilibanwa na mashine ya kukoboa kahawa. Siku ya kumvika suti sikuugusa huo ukucha, niliogopa kumuumiza. Alizikwa nao. Ndicho kidole alichosajilia laini."

Gidioni aliporudi alisema betri imevuja, na nywele ni kiota cha panya. Alipooneshwa ukucha alinawa mikono kwa muda mrefu sana. Kifaa akakichoma moto, laini akaifungisha, na mchungaji akaja kuomba juu ya kaburi.

Simu ilinyamaza.

Lakini tangu siku hiyo Kindness halitaki titi la kushoto. Akisogezwa anageuza uso, anakunja pua kama mtu mzima. Na kila jioni jua likizama, titi hilo linajaa mpaka linauma, halafu linaisha lenyewe, taratibu, Elisifa akiwa ameketi tu anachambua mboga. Linabaki tepetepe na baridi, limezungukwa na ute wenye chembe za udongo. Anajisugua kwa sabuni mpaka ngozi inawaka. Anatapika. Kesho yake anarudia.

Kliniki, nesi Beatha alimpima mtoto, akatazama mizani mara mbili.

"Mama, mtoto anapungua. Unahakikisha ananyonya matiti yote mawili?"

Elisifa alifunga vifungo vya gauni hadi shingoni. Alimkumbuka mzee na midomo yake iliyopasuka, akamtazama mwanawe alivyokonda, na hakuweza kuinua macho.

"Yananyonywa, nesi," alisema. "Yote mawili yananyonywa."