Nimekuacha, Nenda kwa Amur

“Msinivishe hizo nguo. Mimi si mjane wake.”

Rehana alisema kwa sauti ndogo, lakini chumba kizima kilimsikia. Wanawake wawili waliokuwa wamezikunjua nguo nyeupe za eda wakabaki wamezishika vivyo hivyo. Ukumbini, upande wa wanaume, kisomo kilikuwa kinaendelea.

“Msiba umempanda kichwani,” mmoja alinong’ona.

“Sijapandwa na kitu. Yaarub aliniacha. Aliniacha Ijumaa asubuhi, saa moja kabla hajafa.”

Ilikuwa siku ya pili ya matanga, nyumbani kwa Bi Mahfudha, katika mji wa Ibra, Uarabuni. Bi Mahfudha ndiye bibi aliyemlea Yaarub tangu wazazi wake walipofariki, na alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na dirisha, tasbihi mkononi. Tasbihi ikasimama.

Rehana na Yaarub walikuwa wamefungishwa ndoa miezi mitano nyuma. Harusi ilikuwa bado, hawajaingia nyumba moja. Ndiyo maana neno lake lilikuwa zito. Mwanamke akifiwa na mume, hata kama hawajalala chini ya dari moja, ni mjane, hukaa eda miezi minne na siku kumi. Lakini aliyeachwa kabla ya kuingia kwa mumewe hana eda. Anakuwa mtu wa mbali, kama jirani yeyote aliyekuja kuhani, akimaliza avae viatu vyake aende.

Dalal, dada mkubwa wa marehemu, aliomba simu. Alisoma, akasoma tena, kisha akamsomea bibi yake kwa sauti:

*Nimekuacha. Usikasirike. Nenda kwa Amur utaona mwenyewe.*

Chini yake palikuwa na jibu la Rehana: *Sawa. Nimekubali.* Jibu hilo lilikuwa na tiki moja tu. Halikumfikia.

“Na huko kwa Amur ulikwenda?” aliuliza Bi Mahfudha.

“Sikwenda, Bibi. Niende kuchukua nini? Mzee Amur ndiye anayeshuhudia maandishi ya watu wa kule mashambani. Nilijua karatasi yangu ya talaka iko kwake.”

Akaeleza, maana sasa hapakuwa na la kuficha. Jumatano waligombana. Yaarub alikuwa mtu wa baiskeli, zile nyembamba za mwendo, na kila Ijumaa alipita barabara kuu mpaka Al Qabil, pembeni ya malori ya maji yanayokimbia kama yamefiwa. Rehana alimwomba aiache barabara ile. Yaarub akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, “Bila barabara mimi hapana mtu.” Rehana akamwambia, basi aichague barabara. Alhamisi hakupiga simu. Ijumaa ukaja ule ujumbe. Na kabla ya adhuhuri ikaja habari kwamba lori la maji limemgonga kwenye kona ya Al Qabil.

“Kwa hiyo alichagua,” alisema Rehana.

Dalal alimrudishia simu. Alikuwa hajalala siku mbili, macho yamemvimba, na tangu mwanzo hakuwa amempenda huyu msichana aliyekuja kutoka Tabora kuishi kwa mjomba wake, Kiarabu hakijui, anatembea na Yaarub kwenye mashamba ya mitende wakicheka.

“Khalas, basi,” alisema, Kiswahili chake kibovu kama cha mdogo wake. “Imeandika. Yeye mwenyewe anasema.”

Wakamwita Shekhe Muntasir, akasimama nyuma ya mlango. Alisikiliza bila kukatiza, kisha akasema kwamba talaka ya kuandikwa hutegemea nia ya mwandishi. Bila nia ni wino tu, na ndoa iko pale pale.

“Nia ya maiti nani anajua, Shekhe?” aliuliza Dalal.

“Mungu. Kisha walioishi naye.”

Wote wakamtazama Rehana. Angeweza kusema neno moja, *sikuelewa*, akavishwa nyeupe, akapata haki ya kulia. Tangu Ijumaa alikuwa hajalia, kwa sababu hakujua analia kama nani. Alitikisa kichwa.

“Mimi naijua nia yake, Shekhe. Siwezi kumkalia eda mtu aliyenikataa. Itakuwa uongo mbele ya kaburi lake.”

Shekhe alisema wasiharakishe, akarudi kwenye kisomo. Rehana akainuka. Alimbusu Bi Mahfudha mkono, akaomba radhi, akaanza kulitafuta buibui lake kati ya mengine yaliyotundikwa. Lake lilikuwa rahisi kulijua. Pindo lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa rangi ya buluu, mahali lilipong’atwa na mnyororo wa baiskeli siku Yaarub alipomfundisha kuendesha. Siku ile walianguka wote wawili, buibui likachanika mpaka gotini, na Yaarub akasema, “Baiskeli yangu inakutaka wewe kuliko mimi.”

Dalal alikuwa amemtangulia, amekwisha kumkusanyia vitu vyake. Hakumtazama alipomwambia:

“Begi yako nimekuacha mlangoni.”

“Ahsante,” alisema Rehana.

“Ngoja,” ilitoka sauti dirishani. “Dalal. Umesema nini?”

“Nimemwambia begi yake, Bibi.”

“Hivyo ulivyosema. Sema tena.”

“Nimekuacha begi yako mlangoni.”

Bi Mahfudha aliweka tasbihi chini.

“Weye na huyu mmeoana lini, hata umwache?”

Hakuna aliyecheka, ingawa mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa mtandio. Dalal alikunja uso. Hakuona kosa liko wapi.

“Miaka thalathini nawapigia kelele nyinyi wawili,” alisema Bi Mahfudha. “*Nimekuachia*, si *nimekuacha*. Mtu huachiwa kitu. Kuachwa ni jambo jengine. Huyu marehemu kila asubuhi akitoka kwenda kazini hunambia, ‘Bibi, nimekuacha dawa mezani.’ Namwambia, mume wangu alikufa hajaniacha, leo unaniacha weye? Anacheka, anapanda baiskeli. Kesho yake lile lile.”

Rehana alikuwa bado ameshika pindo la buibui. Akaitoa simu, akausoma tena ule ujumbe. Alisoma taratibu, kama mtu anayeingia nyumba ya giza akipapasa ukuta. Kiswahili cha Yaarub kilikuwa kinamchekesha siku zote: viti *yake*, maji *ile*, *mimi anakuja*. Makosa yote alimsamehe na kuyanyoosha mwenyewe kichwani. Neno hili moja, kwa sababu ya hasira, alilichukua kama lilivyo.

“Bibi,” alisema, “inawezekana bado alikuwa na maana ile ya talaka.”

“Inawezekana. Twende kwa Amur tukaone. Mwambie mjomba wako alete gari. Ukishakaa eda hutoki, basi toka sasa.”

Said, mjomba wake, aliendesha. Bi Mahfudha alikaa mbele, Rehana na Dalal nyuma, begi katikati yao. Walitoka nje ya mji, wakaiacha lami nzuri, wakaingia njia ya zamani ya machimbo. Kampuni iliyochimba kule ilifunga kazi miaka mingi, ikaacha lami iliyopasuka na vibanda visivyo na mapaa. Kabla ya kampuni, watu wa kale waliyeyusha shaba mahali pale pale, na mavi ya shaba yao, makapi ya tanuri, bado yapo, malundo meusi yanayong’aa kama makaa yaliyomwagiwa maji. Upande wa pili wa njia unapita falaji, mfereji wa kale unaonywesha mitende, mwembamba, usionyamaza. Magari hayapiti kule. Ndiko Rehana alikojifunzia baiskeli, Yaarub akikimbia nyuma ameshika kiti, akimdanganya kwamba bado ameshika.

Mzee Amur alikuwa mlinzi wa falaji, mtu wa kugawa zamu za maji. Walimkuta akizibua majani kwenye tundu la kupeleka maji shambani. Alizaliwa Bujumbura, Kiswahili chake cha bara, na hakupoteza maneno.

“Shikamoo, mzee,” alisema Rehana.

“Marahaba. Wewe ndiye mwenyewe.” Akanawa mikono kwenye mfereji. “Nilikungoja Ijumaa. Nilipika kahawa. Baadaye nikasikia, nikaona haya kuileta msibani. Kitu cha furaha hakipelekwi penye kilio.”

Akafungua mlango wa banda la mapipa.

Ilikuwa baiskeli. Si mpya, rangi ya kijani iliyopigwa kwa mkono, mahali pengine imechuruzika. Kiti kilikuwa kimeshushwa mpaka chini kabisa. Mnyororo ulikuwa umefunikwa kwa bati lililopindwa vizuri, na gurudumu la nyuma limezungushiwa wavu wa nailoni, umeshonwa tundu kwa tundu kwa uzi wa buluu.

Buibui lisingenaswa tena hapo. Dalal alishika wavu ule kwa vidole viwili, akatazama pindo la buibui la Rehana, akatazama tena wavu.

“Wiki tatu ameushona hapa hapa,” alisema Amur. “Sindano inamchoma, anatukana kwa Kiarabu. Alisema huku kwenye falaji hakuna lori, mtapita wote wawili, ugomvi utaisha. Ijumaa aliimaliza, akakuandikia kwenye simu. Nikamwambia, mngoje basi. Akasema atazunguka kidogo mpaka Al Qabil, atarudi akukute unashangaa.”

Rehana alikaa chini pale pale mlangoni. Kilio kilichokuwa kimekataa siku mbili kilikuja chote, kikamkunja. Alikuwa anasema kitu, ikabidi Bi Mahfudha ainame kumsikia.

“Nilimwandikia sawa, Bibi. Nilimwandikia nimekubali.”

“Halikumfika.”

“Ningekuja, mzee angempigia simu kwamba nimefika. Angegeuza njia.”

Bi Mahfudha akakaa kando yake. Alimshika kichwa, akakiweka kwenye paja lake, akawa anautazama mfereji ukipita.

“Kakuachia, mwanangu,” alisema mwishowe. “Kisha ndo katuacha sote.”

Walirudi kabla ya magharibi, baiskeli imefungwa nyuma ya gari kwa kamba. Njiani Dalal aligeuka mara kwa mara kutazama kama kamba imekaza. Walipofika, aliishusha mwenyewe, hakutaka msaada, akaifuta vumbi kwa mtandio wake mzuri, akaisukuma mpaka chumba cha mwisho, chumba cha Yaarub, ambacho sasa kingekuwa cha eda. Akaiegemeza ukutani.

Rehana aliketi kwenye kitanda. Alifungua simu, akalitazama jibu lake na ile tiki moja. Aligusa, akachagua kufuta. Mahali pake pakabaki maneno ya mashine, kwamba ujumbe huu umefutwa. Ule wa Yaarub aliuacha juu, na kosa lake.

Zile nguo nyeupe zililetwa tena. Kisha akaja Dalal, akasimama kizingitini, macho chini, kama mtoto anayetafuta neno alilokemewa.

“Rehana. Maji ya kuoga yako tayari bafuni. Nimekuacha…” Akajikatiza. Akaanza upya, polepole, silabi kwa silabi.

“Nimekuachia.”