Sentensi Iliyomwinamisha Mama

Tikitiki, tikitiki. Kulikuwa bado giza, lakini cherehani ya mama ilikwisha kuamka. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, alijifunika shuka hadi kichwani.

"We Chiriku, amka! Si leo ndiyo unasoma mbele ya wazazi?" mama aliita. "Namalizia sare ya watu hapa, nataka niwahi kiti cha mbele."

Insha aliyotakiwa kuisoma ilikuwa imemhangaisha Chiriku wiki nzima. Alianza kwa kuandika: "Mama alitoka. Mdogo wangu alivuta sufuria. Uji ulimwagika. Aliungua mkono."

"Sentensi zako zinarukaruka kama chura," mwalimu alimwambia akicheka. "Ziunganishe, mwanangu."

Basi akaziunganisha, akajisomea tena na tena mpaka zikateleza ulimini.

Shuleni alisimama mbele ya wazazi, akasoma kwa madaha: "Kwa sababu mama alituacha peke yetu akaenda zake, mdogo wangu alivuta sufuria ya uji, akaungua mkono."

Wengine walipiga makofi. Baba mmoja akamnong'oneza jirani yake, tena kwa sauti ya kusikika, "Wengine bwana, kuzaa wanajua, kulea ndiyo shida."

Watu wakacheka. Pale mbele, mama aliinamisha kichwa, akawa anajisugua vidole vilivyochomwachomwa na sindano.

Chiriku alimwona. Mama hakuwa "ameenda zake" hata kidogo. Chiriku aliyaweka maneno yale kwa kuwa yalisikika vizuri tu. Laiti angeyaacha!

"Mwalimu," alimnong'oneza mwalimu aliyesimama kando, "nilitaka tu itiririke."

"Imetiririka, ila imemsomba mama yako." Mwalimu aliinama karibu naye. "Ukiunganisha sentensi, unamwambia msomaji jambo lipi limetokana na lipi. Ukikosea hapo, hata maneno matamu yanaumiza mtu. Tafuta ukweli kwanza, mwanangu, ndipo utafute uzuri. Haya, siku ile mama alitoka kwenda wapi?"

Chiriku aliwageukia wazazi, machozi yakimlengalenga.

"Nilikuwa na homa kali, na mama alikimbia kunitafutia dawa."