Mahindi ya Januari

"Chérie, angalia mahindi ya Nebraska!"

Ndivyo Gustave alivyoandika chini ya picha. Joséphine alikuwa saluni, mtaani Berea, anamsuka mteja, akaifungua kwa kidole chenye mafuta. Mchumba wake huyo! Kofia ya cowboy, tabasamu, na nyuma yake pikapu kuukuu na mahindi mabichi yaliyomzidi kimo.

Miezi kumi na moja ilikuwa imepita tangu Wakongo wenzake wamfanyie sherehe ya kumuaga, mkimbizi aliyepata nafasi ya kuhamia Amerika. Video hakupiga, eti mtandao wa kijijini ni dhaifu. Lakini kwa sauti alimsimulia Joséphine kila kitu: nyanda zisizo na mwisho, ng'ombe, matrekta, kanisa dogo la mbao.

Tatizo, Joséphine naye alikuwa amejisomea. Bibi harusi mtarajiwa haendi ugenini kama kipofu! Alitazama filamu za huko, na siku hizi kila asubuhi alifungua blogu ya mama mmoja mfugaji wa Nebraska. Asubuhi ileile mama huyo alikuwa ameweka video ya ng'ombe wamesimama kwenye theluji hadi magotini.

"Yaya Marie-Louise," alimwita mwenye saluni, aliyemheshimu kama dada mkubwa, "Januari kule si baridi?"

"Baridi ya kuua. Juu ya nini?"

Akampa simu. Marie-Louise akaikuza picha, akaguna.

"Na hii bakkie yenye mulango umebonyea? Si ni ya Eddy, rafiki yake wa Sydenham, mtaa wa pili hapa?"

Joséphine alimwacha mteja na nusu kichwa.

Kwa Eddy, aliyefungua mlango ni Gustave mwenyewe, kaptula kiunoni, mswaki mdomoni.

"Jose... dossier yangu ya safari walikatala siku ya mwisho, kule airport. Na mulikuwa mumeisha kunifanyia fête. Ningerudi na uso gani?"

"Na yote ulikuwa unanielezea?"

"Ma-film. Na ma-blog."

Jamani, mapenzi ni ujinga mtupu. Hasira zilianza kumshuka pale pale mlangoni. Mwanaume ameaibika, akajificha, hilo angelisamehe. Kisha akakumbuka Juni.

"Mama yangu alipokufa, ulisema theluji imefunga ndege. Theluji ya Juni! Ulikuwa hapa?"

Gustave akatazama sakafu.

"Nilimuzika mama peke yangu, na wewe uko hapa Sydenham?"

"Ningetoka, watu wangenicheka. Unisamehe, chérie."

"Sawa. Baki Nebraska."

Saa tisa alasiri status za WhatsApp zilikuwa zimejaa ile picha ya kofia: *Pumzika kwa amani, kaka Gustave. Matanga ni Cato Manor, kwa Joséphine.* Wamama wa kanisa walikuwa wamekwisha kupanga viti na kuanza kuimba simu ilipoita.

"Eish, Jose! Umewaambia nimekufa?"

"Gari yako ilikwama kwenye theluji. Nimelia vizuri, uliza watu."

"Mama yangu ataona, kule Bukavu! Ana pressure!"

"Basi mupigie sasa hivi. Umuambie uko muzima, na umuambie uko wapi."

Joséphine alisubiri, simu sikioni, na moyoni alikuwa anamwomba apige. Akipiga, angetoka nje na kuwaambia wote kwamba amewadanganya, wamtukane wanavyotaka.

"Jose," Gustave alisema mwishowe, sauti chini. "Ukiongea na mama... umuambie nilikufa haraka. Sikuteseka."

Akakata.

Hapo ndipo Joséphine alipolia kweli. Wamama wakamzunguka, wakamshika mabega, wakaongeza sauti ya wimbo.