Utaji Uliokataa Rangi

Maji ndiyo yaliyomshtua kwanza. Ruqaiya alikuwa amemimina sufuriani pakiti mbili za rangi ya zambarau alizoletewa na mamake, akatia chumvi na siki, akauzamisha utaji wa hariri wa nyanya yake, ule wa kujitandia kichwani siku ya arusi, na kuukoroga kwa mwiko saa nzima, pale uani kwao Mkomani. Alipofunua kifuniko, maji yalikuwa maangavu kama ya kisimani, na utaji ulikuwa mweupe vile vile. Rangi haikuonekana majini wala kwenye nguo.

"Labda rangi mbovu," alisema mamake, Bi Ummu, akiwa amesimama mbali, mlangoni.

Ruqaiya akavua glavu za mpira. Mikono yake, iliyokuwa mikavu mle ndani, ilijaa maua ya zambarau kutoka kuchani hadi viwikoni, maua madogo yaliyochorwa kwa subira, kama kazi ya mpakaji hina wa arusi. Alisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mchanga. Ngozi ikachubuka. Maua yakabaki.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Ijumaa alikuwa aolewe na Fahmi, mwalimu wa shule ya msingi. Utaji alipewa na mama yake mdogo, Hadia, aliyemfundisha kusoma tangu utotoni na kumtunzia siri zake zote. Hadia hakuwahi kuolewa. Wachumba walikuja wakatoroka, na hakuna aliyepata kujua kwa nini. Hata nyumbani hakuvua glavu zake nyeusi. "Gauni lako la zambarau halitakwenda na utaji mweupe," alikuwa amemwambia. "Utie rangi. Lakini utie kwa mkono wako mwenyewe, mwanangu."

Jumatatu, baada ya sala ya adhuhuri, Ruqaiya alijinyoosha kitandani. Juu ya dari akasikia mtu akitembea kwa mitalawanda, ko, ko, taratibu, ilhali nyumba nzima haikuwa na mtu wa kuvaa viatu vya mti. Nyayo zikafika usawa wa kitanda zikasimama, na harufu ya asumini iliyooza ikashuka chumbani, ikamjaa puani na kooni mpaka akataka kupiga kelele asiweze, na godoro likabonyea upande wa ukutani, polepole, kama linavyobonyea mtu mzito anapokaa kwa adabu asimwamshe aliyelala, kisha kidole cha baridi kikaanza kupita juu ya maua ya mkono wake, ua kwa ua, kama kinachoyahesabu.

Fahamu zilipomrudia ilikuwa alasiri, na simu ilikuwa ikilia.

"Ruqaiya," Fahmi alinong'ona, "nimekupigia mara tatu. Ni mwanamume gani aliyepokea?"

"Hakuna mwanamume humu."

"Ameniambia nisirudie kupiga. Ameniambia mke wake amelala."

Kesho yake alikwenda peke yake kwa Mwalimu Madi, mzee anayesomea wagonjwa. Mwalimu alimnywesha kombe, maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, akamsomea aya mpaka shingo yake ikalegea. Alipozinduka, mzee alikuwa amefunga msahafu na jasho linamtiririka.

"Sikuweza kumtoa jini huyu," alisema. "Asema hakukuvamia. Asema ulipewa yeye, na ndoa imepita."

"Nilipewa na nani?"

"Na aliyekutia utaji mkononi. Hatoki ila kwa ndia moya: mwanamke mwengine wa damu yenu autie rangi kwa mkono wake, naye hajui." Akamtazama kwa huruma. "Hiyo si dawa, mwanangu. Usiifuate."

Alimkuta Hadia nyumbani kwake, amelala fofofo mchana, mlango wazi. Glavu hazikuwapo. Mikono yake ilikuwa safi kama ya mtoto.

"Mama mdogo. Amka."

Hadia aliyaona maua, akayafumba macho yake. "Nisamehe."

"Mimi? Kati ya watu wote, mimi?"

"Hata mimi nilipewa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Dadangu alinambia nimtilie rangi utaji wake wa arusi."

"Dada gani?"

"Ninaye mmoya tu."

"Mama hakujua ya juzi. Niambie hakujua."

"Ruqaiya," alisema Hadia polepole, "rangi ulinunuliwa na nani?"

Njia ya kurudi hakuikumbuka. Bi Ummu alikuwa uani, na alipouona uso wa bintiye hakukana lolote.

"Hadia alitaka kumwambia babako kila kitu," alisema. "Nilikuwa na mimba yako. Nikamwahidi: akichoka, atampa huyo jini mzaliwa wangu wa kwanza."

"Ulinipa kabla hujaniona."

"Nilidhani sitakupenda hivi!" Bi Ummu akamshika bega, sauti ikashuka. "Sikiza. Arusi haitavunjika. Mdogo wako Hadil bado mtoto, atakaa naye miaka michache, kisha tutatafuta mwengine." Akageuka kabla hajajibiwa. "Hadil! Ndoo hapa, umsaidie dadako kutia nguo rangi!"

Mdogo wake wa miaka kumi na minne alitoka jikoni akicheka, akavaa glavu, akauchukua utaji. Ruqaiya alimnyang'anya kwa nguvu hata mtoto akalia.

"Usiuguse! Maisha yako yote, usiuguse!"

Jioni hiyo alimwambia Fahmi asije. Kisha akapanda chumba cha juu na utaji wake, akajifungia.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, mamake alipanda ngazi na sinia la chakula, akilia, akimwita jina lake la utotoni. Ruqaiya alikuwa amekaa kitandani, utaji kichwani. Kando yake godoro lilikuwa limebonyea, na kwa siku tatu aliyekaa hapo hakuwa amesema neno. Sasa alisema, kwa sauti nzito ya upole:

"Nani huyo?"

Ruqaiya alisikiliza kilio kile kwa muda. Alitafuta huruma moyoni mwake, hakuipata.

"Ni mkweo," alijibu. "Mfungulie."

Na komeo la mlango, lililokuwa mbali na mkono wa mtu yeyote, likaanza kusogea.